Shangazi, nguo nilizomvika binti wa watu zimenirudia na elfu tano ndani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 43, nauza mitumba hapa Mtwara mjini, Chikongola. Nafungua belo, nachambua, nauza makoti, sketi na blauzi za kike. Mume wangu anaendesha bajaji. Tuna watoto wanne. Nimeanza na hayo ili ujue si mtu wa fedha nyingi na wala si mtu wa ofisini.

Miaka mitatu iliyopita binti wa jirani yangu aliitwa intavyuu kwenye benki moja. Cheti cha uhasibu anacho, kizuri tu, lakini nguo yake ya maana ilikuwa shati jeupe la sekondari, nembo ameibandua kwa wembe na alama imebaki. Mama yake akaja kibandani kuuliza bei ya koti la suti. Nikamtajia. Akanyamaza, akaanza kugusagusa magauni ya pembeni kama vile hakunisikia. Nikamwambia achukue koti na sketi yake, binti akimaliza usaili arudishe, nitauza. Binti akapata kazi, koti likarudi limefuliwa, na kesho yake nikaliuza.

Habari zikaenea. Akaja wa pili, akaja wa tano. Sasa tuko wanne: mimi, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, mama mwenye saluni, na mwalimu mstaafu aliyenifundisha mimi mwenyewe darasa la nne. Mimi natoa nguo, fundi anapunguza, mwenye saluni anasuka, mwalimu anawakalisha na kuwauliza maswali, anawasahihishia barua za maombi na wasifu. Hatuna jina. Watu wanasema tu "nenda kule kwenye kabati." Kabati lenyewe ni bomba la chuma chumbani kwangu, lina makoti 23.

Matatizo sasa. Nguo hazirudi. Tangu Januari makoti tisa yameondoka moja kwa moja, na nikiuliza naambiwa "Mama, nimeanza kazi, nitavaa nini?" Mume wangu anasema ninagawa mtaji wa watoto.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Mtoto wa mwenye saluni yuko Dar, anatutumia 100,000 kila mwezi za uzi, viatu na nauli. Akaomba picha, awaonyeshe wenzake kazini ili nao wachangie. Mwenye saluni akampiga picha binti mmoja, moja akiwa amefika na kanga yake na ndala, nyingine akiwa amevaa suti, akaziunganisha na kuandika chini: "Tumemsitiri." Binti hakuulizwa. Mimi nilikuwepo, nikaona simu, sikusema kitu. Picha ikarushwa kwenye grupu la familia ya Dar, ikarudi Mtwara kwa njia ninazozijua na nisizozijua, mpaka kwa wakwe watarajiwa wa yule binti. Kuna shangazi wa mchumba wake aliyesema mbele za watu, "Kumbe mkwe wetu anavishwa na wasamaria."

Wiki iliyofuata nikaamka nikakuta mfuko mlangoni. Koti, sketi, blauzi na viatu, vyote vimefuliwa, vimepigwa pasi na kukunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Mfukoni mwa koti kulikuwa na noti tatu, elfu tano jumla, na kikaratasi: "Ya sabuni na usumbufu." Sasa akinikuta njiani anavuka upande wa pili.

Juu ya hayo, wenzangu wanataka tuweke utaratibu: atakayepata kazi akate asilimia 10 ya mshahara wa kwanza alete kwenye kabati. Mwalimu hataki. Mjukuu wake ametuambia kuna shirika Marekani linaitwa Dress for Success linafanya kazi kama yetu. Je, wao wanaazimisha au wanagawa? Tuendelee, tufunge, au tuwatoze? Na yule binti nimwendee vipi? Ile elfu tano bado iko kwenye kopo la sukari, sijaigusa.

Mimi,
Mwenye Kabati, Chikongola

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimekwama kwenye hiyo elfu tano.

Binti mwenye hasira peke yake angekutupia mfuko na nguo chafu. Huyu amefua, amepasha pasi moto, amekunja, akatafuta noti tatu ambazo naamini hazikuwa za ziada nyumbani kwao. Alitaka pasiwe na mtu Mtwara hii anayeweza kusema anamdai. Mlimpa zawadi, picha ikaifanya kuwa sadaka, naye akailipia ili iwe kama alikodi tu. Mimi namheshimu sana binti huyo, na nadhani nawe unamheshimu, ndiyo maana hela iko kwenye kopo.

Halafu lile neno mliloandika chini ya picha. Kusitiri ni kufunika. Mlimfunika mwili kwa suti mkamfunua hali yake kwa simu, tena mkaandika kwamba mmemsitiri. Mwenye saluni hakuwa na nia mbaya, hilo naliona. Lakini wewe uliona simu ukanyamaza, na nafurahi umelitaja mwenyewe, kwa sababu ningelitaja mimi.

Wewe ni wa Mtwara, mimi mwenzio wa Lindi, hatuhitaji kufundishana unyago. Mwali anapotoka ndani nani anamvisha? Shangazi, mama mkubwa, somo yake. Kanga mpya doti nzima, shanga, mafuta, pengine gauni la fundi. Watu wanamtunza hela mpaka zinadondoka. Umewahi kusikia mtu akisema mwali ameombaomba nguo? Hakuna. Lakini hali aliyoingia nayo kule ndani, kama alilia, kama alikuwa mwoga, kama kwao hapakuwa na kipande cha sabuni, hayo hayatoki. Kungwi anayeyatoa hupati mtu wa kumpelekea mwanawe tena. Hicho chumba chako chenye bomba la makoti ndicho chumba cha ndani. Nguo itoke, binti atoke, wamwone na kumtunza. Ile kanga na ndala alizokuja nazo zibaki kwenu wanne.

Kwa hiyo picha za mabinti basi. Hata akikubali. Binti mwenye usaili kesho, aliyesimama chumbani kwako akisubiri koti, atakataaje? Ridhaa ya mtu anayesubiri kitu mkononi mwako ni ya mashaka. Na siku hizi hata sheria ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: picha ya mtu ni yake, hairushwi tu. Kijana wa Dar ana haki ya kujua hela yake inakwenda wapi, sikatai. Mpigie picha makoti kwenye bomba, viatu vilivyopangwa, daftari la matumizi. Mwandikie: mwezi huu wamekuja saba, nauli wamepewa wawili, fundi amekunja pindo kumi na moja. Akisema wenzake hawachangii bila kuona sura ya maskini, basi hao wenzake waache.

Sasa asilimia 10. Nimecheka kidogo, samahani. Wewe umekulia kwenye korosho. Mtu anayempa mkulima vijisenti wakati korosho ziko bado juu ya mti, halafu msimu ukifika anakuja na magunia yake, tunamwitaje? Kangomba. Serikali imepambana naye miaka nenda rudi, ikaleta stakabadhi ghalani na minada, na bado anapita usiku. Kumvika msichana asiye na kitu halafu kumngoja kwenye mshahara wake wa kwanza ni kangomba ya suti. Mshahara ule una wenyewe: kodi, nauli ya mwezi mzima aliyokopa, mama yake, mdogo wake anayedaiwa madaftari. Mwalimu yuko sahihi, msikilizeni. Anayetaka kurudisha fadhila atarudisha kwa njia yake. Yule wa benki, kwa mfano, muombe Jumamosi moja aje akae na mabinti saa nzima awaeleze aliulizwa nini na alijibu nini. Hiyo ina thamani kuliko elfu 40 yake.

Umeuliza kuhusu Dress for Success. Lilianzishwa New York katikati ya miaka ya 1990 na Nancy Lublin, wakati huo mwanafunzi wa sheria, kwa dola 5,000 alizorithi. Hawaazimishi. Mwanamke anafika akiwa tayari na tarehe ya usaili, kwa kawaida ameelekezwa na taasisi nyingine, anapewa suti na inakuwa yake. Akipata kazi anarudi anaongezewa nguo za kuanzia kazi, kwa sababu suti moja haimfikishi Ijumaa na mshahara uko mwisho wa mwezi. London nako kuna Smart Works, lile ambalo Meghan, mke wa Prince Harry, alifanywa mlezi wake mwaka 2019: seti nzima ya nguo ya kwenda nayo moja kwa moja, na mtu mmoja wa kukaa naye kumwandaa kwa maswali. Koti na mwalimu, vyote viwili kwa pamoja, kama nyinyi tu, ila wao wana hesabu na bodi.

Na wala hatukuhitaji kwenda New York kulijua hilo. Nguo ya kuazima haisitiri matako; walisema hivyo watu ambao hawajawahi kuona suti. Mimi mwaka 1987, Lindi, nilikwenda usaili wa ukarani na viatu vya dada wa rafiki yangu. Vya kwake namba 38, mguu wangu 40. Maswali niliyoulizwa siyakumbuki hata moja. Viatu navikumbuka mpaka leo. Mtu aliyevaa cha mwenzake nusu ya akili yake iko kwenye kukichunga: nisikalie vumbi, nisitoe jasho, nisichane. Kwa hiyo yale makoti tisa hayakupotea, yako kazini. Yafute kwenye daftari la madeni.

Lakini mumeo naye msimpuuze. Mtaji ni mtaji. Uwe na madaftari mawili, la kibanda na la kabati, na kila belo utoe idadi ile ile, tuseme makoti mawili, yasizidi hata aje nani analia. Nawe unajua kuliko mimi kwamba koti la suti kwa joto letu halitoki haraka kama gauni la maua. Linaweza kukaa kwenye hanga msimu mzima. Chukua yale yanayolala. Fundi atoe bitana ya ndani, libaki jepesi, maana msichana akitoka Magomeni kwa miguu saa tano ya Februari na koti lenye bitana ya nailoni atafika amelowa kama aliyetoka baharini. Nguo za ndani nunueni mpya, za mtumba shirika la viwango, TBS, ilishazipiga marufuku, na hata isingepiga.

Muulizeni kwanza anakwenda kuomba kazi gani. Mnaelekea kumvika kila mtu koti jeusi. Aliyesomea umeme VETA akaitwa usaili wa vitendo kwenye mtambo wa gesi kule Madimba, au kiwanda cha saruji, ukimpeleka na sketi ya kubana na viatu vya kuchuchumia umemwangusha kabla hajashika bisibisi. Huyo anataka suruali ngumu isiyobana, shati la mikono na viatu vya kufunika vidole. Anayekwenda hoteli za Mikindani ni mwingine, anayekwenda kufundisha ni mwingine. Na mabinti wa hijabu, ambao kwetu ni wengi, msiwalazimishe kuchagua kati ya koti na stara yao. Koti refu linalopita nyonga, sketi inayofika kifundoni, ushungi wa rangi moja uliopigwa pasi. Mwenye saluni ajifunze kuufunga vizuri kama anavyojua kusuka. Si kila kichwa kinataka rasta.

Kazi kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya mwalimu, na ndiyo mnayoitaja kidogo. Wanaoanguka kwa sababu ya nguo ni wachache kuliko wanaoanguka kwa sababu ya bahasha. Usaili wa Utumishi, yaani wa kazi za serikali, matangazo yao yanasema kila mara: vyeti halisi, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, na hati za matokeo hazipokelewi. Binti anafika na karatasi ya matokeo ya kidato cha nne anageuzwa mlangoni na suti yake nzuri. Mwingine cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cha shule kina jina la baba. Hilo linataka wakili na siku kadhaa, halirekebishwi asubuhi ya usaili. Mwalimu akague bahasha siku binti anapofika mara ya kwanza, kabla hata ya kumpima koti.

Na matangazo hayo hayo yanasema msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi. Usaili ukiwa Dodoma, suti haipandi basi peke yake. Sehemu ya ile 100,000 muiweke kwenye nauli mapema, msije mkaimaliza kwenye uzi na vifungo.

Mwalimu aseme nao pia, waziwazi, wakiwa wanawake peke yao, kuhusu yule bwana atakayesema "tukutane jioni tuongelee nafasi yako," na yule wa pili atakayetaka hela ili jina lipite. Kuomba ngono kwa cheo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanapokea simu kwa 113 bila malipo. Binti ajue anaweza kunyanyuka na kuondoka, na kwamba akirudi kwenu bila kazi kwa sababu hiyo hamtamuuliza koti liko wapi.

Kuhusu kujiandikisha, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa manispaa mkasajiliwe kama kikundi, inatosha kwa sasa. Kuna mtu atawaambia mkachukue mkopo wa asilimia 10 za halmashauri, ule wenye 4 za wanawake. Ni mkopo, unarudishwa, na kabati la kugawa halizai. Fundi akitaka kukopa na wenzake kwa ajili ya cherehani zao, hiyo biashara nyingine.

Msifunge.

Sasa binti. Nenda wewe, peke yako, jioni, siku ya kawaida, si siku ambayo kwao kuna wageni. Kabla ya kwenda hakikisha mwenye saluni ameifuta picha, kijana wa Dar ameifuta, na kila grupu unalolijua wameombwa kuifuta. Hazitaisha zote, na umwambie hivyo, usimdanganye. Koti usilibebe. Ukilibeba utakuwa unamvisha mara ya pili mbele ya mlango wao, na jirani anachungulia. Elfu tano nayo usimrudishie, maana alishafunga hesabu yake na wewe huna ruhusa ya kuifungua. Mwambie tu uliipokea. Mwambie ulikuwepo picha ikipigwa, ukaiona simu, ukanyamaza, na kwamba hilo ndilo lililokuleta. Usimtaje mwenye saluni kwanza, anza na lako.

Wale wakwe usiwaguse. Ukienda kumtetea kwa shangazi wa mchumba utakuwa umebeba habari zake kwa mara nyingine, hata kama kwa nia njema.

Akikukaribisha ndani, kaa. Akikuacha mlangoni, sema uliyokwenda kusema ukiwa umesimama, kisha aga. Na lile koti likae kwenye bomba lako bila kuuzwa wala kupewa mtu mwingine. Anajua lilipo.